Nondo wa Mchana

Mwezi wa sita dada alituma picha kwenye grupu la familia: kipepeo wa manjano mwenye mistari myeusi na mikia miwili nyuma, kama ya mbayuwayu. Alimpiga picha kwenye vinamasi vya Norfolk, huko anakofanya kazi ya unesi. Uingereza nzima, makao yake ni hapo tu. Mama akajibu kwa mioyo saba.

Na mimi nikatuma wangu. Niko nyumbani Kwale, mwaka wa pili tangu niache chuo, naandika makala za watu za mia tano mia tano. Nilikuwa nimemkuta nyuma ya nyumba saa sita mchana: mweusi, mistari ya kijani na dhahabu, mikia pia anayo. Nikaandika, "Hata huku wapo."

Dada akauliza, "Umeangalia vipapasio?"

Nikaikuza picha. Vya kipepeo wake vina vinundu mwishoni, kama njiti za kiberiti. Vya wangu ni vyembamba mpaka ncha. Kumbe ni nondo. Lakini si wale wa kugonga taa usiku. Huyu huruka juani, na ule mng'ao wake si rangi ya kupakwa, ni mwanga unavyochezewa na magamba ya mabawa. Ukisogea kidogo, kijani kinageuka.

Ndugu yake wa Madagaska aliwahi kumdanganya hata mtaalamu. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimwandika chini ya Papilio, ukoo ule ule wa kipepeo wa dada. Baadaye ndiyo akahamishwa. Yeye mwenyewe, wala hakubadilika chochote.

Mama, aliyekuwa jikoni hatua kumi kutoka nilipokaa, akatuma sauti: "Kwani nondo si wale wanaokula nguo?"

Nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Kwenye harusi mama hunitambulisha hivi: "Huyu wangu wa pili, yuko chuo." Miaka miwili sasa. Yeye anadhani ananisitiri. Mimi nilidhani namsitiri yeye.

Nikaenda jikoni, nikakaa tukachagua mchele.

"Mama, Jumamosi wakiuliza, usiseme niko chuo. Sema naandika."

Akatoa kijiwe, akakitupa. "Inalipa?"

"Kidogo."

Akanyamaza mpaka sinia ikaisha.

"Haya. Na wakiuliza unaandika nini?"

"Wiki hii, nondo."