Wikiendi London: Piano Inayojipiga Yenyewe

Ukiwa London na mwenzi wako, wengi watawapeleka Oxford Street mkamalize hela. Sisi safari hii tulipanda treni Waterloo, tukashuka Kew Bridge, tukatembea kidogo hadi Brentford, kwenye The Musical Museum. Ni makumbusho ya ala zinazojipiga zenyewe, yaliyoanzishwa na Frank Holland mwaka 1963 ndani ya kanisa la zamani. Siku hizi yana jengo lake. Hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kabla hujafunga safari.

Kusema kweli nilikwenda kumridhisha mume wangu, ambaye akiona piano lazima asimame. Nilitegemea vumbi na usingizi. Wapi! Mwongozaji aliweka rola la karatasi yenye matundu kwenye piano kuukuu, vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, kiti kitupu. Vinyweleo vilinisimama.

Siri yake ni hewa. Kwenye piano za kawaida za aina hii, karatasi inapita juu ya kipande cha shaba chenye matundu 88, moja kwa kila kitufe. Matundu yakikutana, hewa inavutwa, vali inafunguka, mivukuto midogo inajikunja na nyundo inagonga waya. Zile za kifahari, kama Welte-Mignon ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1904, zilirudisha hadi uzito wa vidole vya mpigaji. Gustav Mahler aliwapigia Welte mwaka 1905. Sauti ya piano yake haikurekodiwa popote, yamebaki matundu.

Hapo mume wangu akaninong'oneza: "Si kama ile diskette ya mzee?"

Baba mkwe sikumkuta. Alikuwa mpiga kinanda wa kwaya huko Moshi, akafariki mwaka 2009, miaka mitatu kabla sijaonana na mwanawe. Aliacha diskette moja yenye nyimbo nne alizopiga kwenye kinanda chake cha umeme. Mume wangu aliinakili kwenye kompyuta, ila kila nikimwomba anisikilizishe alikuwa anasema kompyuta inaitoa kama mlio wa simu, inamharibia mzee wake.

Na ni kweli, kwa sababu faili la midi, mfumo uliokuja mwaka 1983, halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: kitufe gani, saa ngapi, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani. Wimbo mzima hauzidi kilobaiti chache. Yaani ni karatasi ya matundu isiyo na karatasi, na sauti inategemea umelipeleka kwenye chombo gani. Wapo mafundi wanaofunga vali ndogo za umeme kwenye piano za kale ili zipokee mafaili haya badala ya rola. Piano za kisasa, kama Disklavier ya Yamaha, hazihitaji hewa. Kila kitufe kina sumaku yake ya umeme.

Kesho yake tuliingia duka moja la piano. (Bei sikuuliza mara mbili.) Kijana wa pale akachomeka flashi yetu bila maswali mengi.

Vitufe vya kushoto vilishuka kwanza, taratibu, halafu vya kulia. Mume wangu alisimama ameshika mkoba wangu, hasemi kitu. Kwenye ubeti wa pili mkono wa kushoto ulichelewa kidogo, nikadhani mashine imekwama. "Hapana," akasema, "ndivyo alivyokuwa anapiga. Hapo anageuza ukurasa." Nikaangalia vile vitufe vinavyosubiri, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba mkwe kama mtu, ana miwani, anahangaika na kitabu.

Tukaomba urudiwe. Nikachukua video kwa simu nikamtumia mama mkwe. Alipiga jioni tukiwa kwenye basi. Hakulia kama nilivyoogopa. Alisema, "Mwambieni apunguze mwendo, wanakwaya hawamfikii," kisha akanyamaza, akaomba na zile tatu zilizobaki.

Duka lilikuwa limeshafungwa. Tumerudi Jumatatu.