NILIMWITA TAPELI, KUMBE MCHAWI NI DIRISHA!

Wiki hii wacha nijianike mwenyewe. Nimewahi kuumbuka, lakini hii ilikuwa kiboko.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwenye kachumba ka bati pale Sinza, Dar es Salaam. Mwaka 2024 mshikaji wangu wa tangu shule aliniuzia kompyuta inayopozwa kwa maji: pampu inasukuma maji, yanabeba joto la prosesa, yanakwenda kupoa kwenye rejeta kama ya gari. Mashine bomba! Ila ikifika saa nane mchana feni zinanguruma kama bajaji inapanda mlima, halafu pu! Inazima. Bibi harusi mmoja alisubiri video yake mpaka akanijia mlangoni na mama mkwe.

Nikampigia jamaa. Nikamwita tapeli, eti kaniuzia pampu mbovu. Akanyamaza, kisha akasema, "Pima maji kwanza, kaka." Nikakata simu.

Kupima na nini? Kompyuta ilikuwa inanionyesha joto la prosesa tu, na hilo linaruka kama panzi: ukifungua faili linapanda, sekunde mbili limeshuka. Maji ndiyo hayana papara.

Basi bwana, Kariakoo nikapata themista ya omu 10,000, kidude mfano wa punje ya mchele ambacho ukinzani wake unapungua kadiri kinavyopata joto. Nikatoboa kizibo cha rejeta, nikakipachika kwa gundi ya epoksi, nikakiacha usiku kucha kikauke (maji yakivujia ndani, kwaheri mashine). Waya mmoja nikaupeleka kwenye volti 5 za Arduino, wa pili kwenye rezista ya omu 10,000 inayoshuka kwenye hasi. Pale zinapokutana ndipo Arduino inasoma. Kwenye nyuzi joto 25 inatakiwa kukuta volti 2.5. Kwenye bakuli la maji na barafu iliyopondwa ikasema nyuzi 4 badala ya sifuri. Nikairekebisha programu.

Kesho yake saa nane: maji nyuzi 59! Nikasema si unaona, pampu hiyo. Ila roho ikanisuta. Nikaazima kipimajoto cha jirani anayefuga vifaranga, nikapima chumba. Nyuzi 38. Sasa maji yatapoaje kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, hata ungefunga pampu tatu? Na dirisha nililifunga mwenyewe, kwa kuogopa vumbi na vibaka.

Nikafungua, nikawasha feni ya mezani. Nusu saa tu, nyuzi 46. Video ikaisha bila kuzima.

Siku tatu nikaiogopa namba ya jamaa. Jumamosi nikaenda kwao na chipsi mayai sahani mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yupo, ila kasema hataki kukuona."

Nikakaa barazani, chipsi zikapoa. Saa moja usiku akatoka.

"Maji yalikuwa ngapi?"

"Hamsini na tisa."

"Na chumba?"

"Thelathini na nane."

Akavuta kigoda, akafungua mfuko wa chipsi.