Na Wewe, Mama, Unalalaje?

Mwanangu ana selimundu. Sasa ana miaka 14. Wapendwa wengi kanisani wanalijua hilo, maana jina lake hutajwa katika maombi kila anapolazwa. Lisilotajwa ni hali ya moyo wake, na ya sisi wazazi wake.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Mimi na mume wangu tuna afya njema, ila kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si laana wala si kurogwa. Hata hivyo maneno hayakosi: "Kwenu kuna nini?" Wanafunzi nao walimwuliza Yesu kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Jibu hilo, katika Yohana 9, nimelishika kama fimbo ya kutembelea.

Maumivu yakimjia, mifupa humwuma usiku kucha. Yakiisha, hubaki akiogopa yatakayofuata. Aliwahi kuniuliza, "Mama, Mungu amenichoka?" Wakati huo mimi chakula hakipiti, usiku naamka kusikiliza kama anapumua. Wengine waliniambia niongeze imani. Lakini siku moja kliniki, muuguzi alipomaliza kumpima mtoto alinigeukia: "Na wewe, mama, unalalaje?" Nililia pale pale. Alituelekeza sote wawili kwa mshauri, na mpaka leo tunakwenda.

Nikamkumbuka Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani, Eliya akiwa ameshakula na kulala.

Basi ndugu zangu, endeleeni kutuombea. Tena njooni wodini mkae na mtoto saa mbili, mama akaoge na kulala. Mwulizeni na baba anaendeleaje, maana wengi humpa pole mama tu. Na kijana akisema amechoka kuishi, msimhubirie kwanza. Msikilizeni, msimwache peke yake, mpelekeni kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Hiyo nayo ni huduma.