Msivunje Kamati

Reading, Uingereza

Nawaandikia nikiwa bi harusi wa mwaka huu, na ninataka kuzungumzia jambo ambalo hufanyika baada ya kila harusi huko nyumbani Tanzania, nasi tumeshalizoea: kikao cha kuvunja kamati. Watu waliokutana kila Jumapili kwa miezi mitatu au minne, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaandika mihtasari na kufuatilia ahadi mtu kwa mtu, hukaa kwa mara ya mwisho, husomewa mapato na matumizi, hula nyama choma, kisha huagana. Ninachosema ni kwamba tunakivunja chombo hicho pale hasa kazi yake kubwa inapoanza. Kamati ya harusi ni miongoni mwa vyombo bora tulivyojiundia wenyewe bila kuamriwa na serikali wala mfadhili, na ni hasara kubwa kuitumia kwa ajili ya jioni moja ya ukumbini.

Huku ughaibuni jambo hili huonekana waziwazi, kwa sababu siku ya kufunga ndoa inadai kidogo na miezi inayofuata inadai mengi. Kwa sheria ya England, wanaotaka kuoana hutoa notisi katika ofisi ya usajili, husubiri siku 28, ambazo mmoja wao akiwa mgeni zinaweza kuongezwa hadi 70, kisha hutamka maneno ya lazima mbele ya msajili na mashahidi wawili. Hapo ndoa imefungwa. Maswali mazito huja baadaye. Anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka Tanzania au Kenya anatakiwa, tangu Aprili 2024, aonyeshe kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka, wakati tangu 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Kwa viza ya kwanza ya miezi 33 jumla yake ni pauni 3,105. Ukifika wakati wa kuongeza muda, afisa hutaka mkataba wa pango, taarifa za benki na bili zinazoonyesha kwamba wawili hao wanaishi chini ya paa moja. Sisemi utaratibu huo ni wa haki. Kuipima ndoa kwa mshahara kunawatenganisha watu ambao kosa lao pekee ni kufanya kazi yenye malipo madogo, na wengi wetu huku tunafanya kazi hizo hizo za kuwatunza wazee na wagonjwa. Lakini haki iwepo au isiwepo, gharama ipo, na hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kupangiwa kuifikiria.

Tena fedha si habari yote. Mwaka wa kwanza wa ndoa huku ni mwaka wa zamu: mmoja anaingia kazini usiku, mwingine anatoka asubuhi, na jikoni kunabaki maagizo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mtoto akizaliwa hakuna mama mkwe wa kukaa siku arobaini, hakuna binti wa jirani wa kumbeba mtoto ili mzazi alale. Likizo ya kisheria ya baba ni wiki mbili, na malezi ya mchana yana bei inayowafanya wazazi wengi wapige hesabu kama mmoja wao aache kazi. Kwa wanandoa wa namna hii, watu kumi wanaojua kupanga ratiba, kukusanya fedha na kuitikia simu wana thamani kuliko mapambo yote ya ukumbi.

Yapo pia madhara ya kuisimamia sherehe vizuri na kuusahau ufuatiliaji. Nyumbani, sheikh mwenye leseni akifungisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa hiyo ni halali mbele ya dini na mbele ya serikali. Familia huja England na imani hiyo hiyo, lakini huku nikaha iliyofungwa nje ya taratibu za usajili haiwi ndoa machoni pa sheria. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya England ilishughulikia shauri la mume na mke waliofunga nikaha London mwaka 1998, wakaishi pamoja na kupata watoto. Ilisema ile haikuwa ndoa ya kisheria hata kidogo, kwa hiyo nikaha ya namna hiyo haimpi mke haki ya kudai mali kama mke anayeachwa. Na hili halikuhitaji wakili wala maelfu ya pauni kulizuia. Lilihitaji mtu mmoja wa kuuliza, wiki moja baada ya biriani kuliwa, kama maharusi wameshakwenda kwa msajili. Kamati zetu huwa na mtu wa keki, mtu wa magari na mtu wa muziki. Huyo wa kuuliza hayumo.

Jambo la ajabu ni kwamba sheria yetu yenyewe inautambua umuhimu wa watu kuisimamia ndoa, ila inawaita wakiwa wamechelewa. Kwa sheria hiyo ya 1971, anayetaka talaka kwa kawaida hufikisha kwanza mgogoro mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Yaani jamii inarudishwa mezani ndoa ikiwa imeshaungua. Vilevile mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo ni wa kuheshimiwa, lakini maswali yake, nani anafanya nini na nani anamiliki nini, tunayasubiri hadi mahakamani. Laiti yangeulizwa mapema, mbele ya wasimamizi, wakati maharusi bado wanasikilizana.

Wala sileti kitu kigeni ninapotaka kamati iendelee baada ya harusi. Pwani, somo hakumwacha mwali mlangoni. Alikaa naye siku saba za fungate na akabaki mshauri wake miaka mingi. Makanisani, wasimamizi wa ndoa huchaguliwa watu waliooana na wenye mwenendo mzuri, kwa sababu usimamizi wao ulikusudiwa uendelee baada ya kiapo. Sisi ndio tuliowageuza kuwa watu wa kushika shada na kupanga foleni ya picha.

Najua nitakavyojibiwa. Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, linatoka kwa mama zetu. Mama aliyewachangia wenzake miaka ishirini, akanunua sare za kila kicheni pati na kila sendofu, akipika na kukesha kwenye shughuli za watu, ana haki ya kusimama ukumbini siku ya mwanawe na kuona wale aliowachangia wamekuja. Kumwambia kwamba harusi iwe ya watu ishirini ili tubane matumizi ni kumdhulumu, kwa sababu unafuta deni ambalo jamii inadaiwa naye. Hili nalikubali kwa moyo wote. Lakini deni hilo ni la watu, si la vitambaa vya viti. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Emory huko Marekani, Andrew Francis na Hugo Mialon, waliwahoji zaidi ya watu 3,000 waliowahi kufunga ndoa, na mwaka 2014 wakaeleza kwamba gharama kubwa za harusi ziliambatana na ndoa za muda mfupi, ilhali wingi wa waliohudhuria uliambatana na ndoa za kudumu. Kuambatana si kusababisha, na Marekani si Morogoro. Hata hivyo matokeo hayo yanamuunga mkono mama: waje wengi. Kinachoweza kupungua ni magari ya kukodi, maua ya kuagizwa na ukumbi wa bei ya kutisha.

Wengine watasema watu huchangia furaha, hakuna atakayechangia kodi ya nyumba ya mtu. Si kweli kwamba tunachangia furaha tu. Tunachangia misiba na wagonjwa, tunacheza upatu, tuna VICOBA na vyama ambavyo fedha zake hulipa ada za shule na mitaji. Watu wetu hutoa pale wanapoona hesabu na kumwamini mweka hazina. Wanachokataa ni kuombwa ghafla kwa siri. Ikitangazwa tangu kikao cha kwanza kwamba sehemu fulani ya makusanyo, tuseme theluthi moja, ni ya mwaka wa kwanza wa ndoa, mchangiaji ataamua akijua.

Hofu ya kuingiliwa nayo si ya kupuuzwa. Ndugu wakipewa mlango, watafika mpaka chumbani. Lakini ndugu wanaingia hata sasa, bila ajenda wala mipaka. Afadhali watu wanne au watano waliochaguliwa na maharusi wenyewe, pande zote mbili, wenye kazi zinazojulikana: fedha zilizotengwa, nyaraka, msaada wakati wa uzazi na ugonjwa. Mengine yasiwahusu, na muda wao uishe baada ya mwaka.

Na atakayesema nimeshalewa Uzungu, namwomba atazame harusi za huku. Mara nyingi maharusi au wazazi wao hubeba gharama zote, wengine kwa mkopo, na wageni huja na zawadi na kuondoka. Sitamani tufike huko. Ninatetea mchango wa Kiswahili, kikao cha Kiswahili na mwenyekiti anayegonga meza watu wanyamaze, viendelee kuwepo wakati vinapohitajika zaidi.

Msimu wa Desemba unakaribia na makundi ya WhatsApp yameshaanza kufunguliwa. Kwa kila kadi nitakayoletewa, ahadi yangu itakuwa na sehemu mbili: ya kwanza nitaituma kabla ya harusi kama kawaida, ya pili miezi sita baadaye, kwa mweka hazina yule yule, ikiwa bado yupo kwenye nafasi yake. Naomba makatibu waliandike hilo kwenye muhtasari.