Saa ya Mkono na Simu ya Mfukoni

Siku hizi ukimwuliza kijana wa Kisangani, "Ni saa ngapi?", hatazami mkono wake. Anatia mkono mfukoni, anatoa simu, anaigusa, kioo kinawaka, kisha anajibu. Mara nyingine hajibu kabisa, maana ameona ujumbe wa rafiki yake, na swali lako limekwisha sahauliwa. Mimi ni bruda wa misheni, nimepita miaka arobaini, na kazi yangu mojawapo ni kugonga kengele ya shule. Kila siku navaa saa ya mkono. Watoto huniuliza: "Bruda, simu unayo. Saa hiyo ni ya nini tena?" Basi, leo nawajibu.

Sikilizeni kwanza habari ya zamani. Huko Ulaya wanaume walikuwa wakiweka saa mfukoni, imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Lakini palikuwa na Mbrazil mmoja, jina lake Alberto Santos-Dumont, aliyekuwa akiruka angani kwa vyombo vyake mwenyewe katika mji wa Paris. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Angewezaje kutafuta saa mfukoni? Mwaka 1904 rafiki yake Louis Cartier, mwuza vito, akamtengenezea saa ya kufunga mkononi. Halafu vikaja vita vya 1914 hadi 1918, na askari nao wakaona vivyo hivyo: mwenye bunduki hana mkono wa kupekua mfuko. Vita vilipokwisha, wanaume wakaendelea kuvaa saa mkononi, na hakuna aliyewacheka tena. Na sasa, miaka mia na zaidi imepita, simu imeturudisha mfukoni tulikotoka!

Hapa kwetu ndugu yake Santos-Dumont ni mwendesha toleka. Amempakia mama na mzigo wake nyuma ya baiskeli, mikono yake miwili iko kwenye usukani, pikipiki zinampita huku na huku. Mtazameni vizuri: wengi wao wenye akili huvaa saa. Kadhalika mvuvi wa Wagenia, anaposimama juu ya miti yake katikati ya maji yanayonguruma, simu yake ameifunga katika mfuko wa plastiki, au ameiacha nyumbani.

Tena saa yenye akrabu ina utamu wake, nasi tunaosema Kiswahili tunaujua kuliko wengine. Mfaransa akiona akrabu fupi imeelekea 7, anasema ni saa saba. Sisi twasema ni saa moja asubuhi, maana twahesabu tangu jua linapochomoza. Sasa angalieni uso wa saa: ni namba gani inayokabiliana na 7? Ni 1. Akrabu ikielekea 9, mkabala wake ni 3, nasi twasema saa tatu. Ikielekea 12, mkabala wake ni 6, ndiyo saa sita. Akrabu moja yasema Kifaransa kwa ncha yake na Kiswahili kwa mkia wake. Nimewafundisha watoto wengi jambo hili, na kila mara kuna mmoja anayecheka kwa furaha. Namba za simu hazina mkia.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Nchi yetu ni kubwa hata ina saa mbili. Kinshasa wanafuata saa ya magharibi. Sisi wa Tshopo, pamoja na Kivu na Katanga, tunafuata saa ya mashariki, iliyotangulia kwa saa nzima. Simu mara nyingi huletewa saa kutoka mbali, au hukaa na saa ya mahali ilipotengenezewa mara ya kwanza. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliazima simu ya kaka yake aliyekuwa amefika kutoka Kinshasa, ili imwamshe siku ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Simu ilikuwa bado ina saa ya Kinshasa. Ikamwamsha kwa utii, saa nzima baada ya wakati. Alioga, akakunywa chai, akatembea bila haraka, akafika akakuta wenzake wameinama juu ya karatasi na mlango umefungwa. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alikaa darasa la sita mwaka mwingine mzima, akiwa mrefu kuliko wote.

Mkitaka kujua saa ya kweli ya mahali petu, simamisheni kijiti kilichonyoka uani. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, ndiyo adhuhuri ya jua. Mtaona ajabu: saa yangu haionyeshi saa sita kamili, ila kwa kawaida saa sita na dakika kama 20. Sababu yake ni kwamba saa ya mashariki imepimwa kwa digri 30 za longitudo, na Kisangani iko kwenye 25 na kidogo. Kila digri ni dakika 4. Mwezi wa pili jua huchelewa zaidi, hupita nusu saa. Mwezi wa kumi na moja huchelewa dakika chache tu.

Sidharau simu. Kwa sekunde, simu iliyotengenezwa vizuri yaishinda saa yangu, maana husahihishwa kila mara. Lakini simu hula umeme kila siku, na umeme wetu unaotoka kwenye mto Tshopo mnaujua unavyokatika. Saa ya betri hukaa miaka. Ndani yake mna kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, na betri ndogo kama kifungo yatosha kukitetemesha. Ile Casio F-91W ya plastiki, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, yaweza kwenda miaka saba kwa betri moja. Kwa mwanafunzi sijaona saa inayomfaa kuliko hiyo, ingawa haina akrabu, na hilo nalisikitikia.

Saa yangu mimi haina betri. Ina kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa, na mkono unapotembea ndiyo unaoikaza. Nilipougua malaria niliivua ikakaa mezani. Siku ya tatu nikaikuta imesimama. Nilipopona nikaitikisa kidogo, ikaanza tena. Hukosea sekunde kadhaa kila siku, nami huirekebisha Jumapili. Kazi hiyo yanipendeza.

Ukitaka kununua, angalia kwanza kazi ya mkono wako. Muuguzi achague saa yenye akrabu ya sekunde inayoonekana wazi. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja anayekohoa, akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, huenda mapafu yake yanaugua, na pumzi hizo lazima zihesabiwe dakika nzima. Mtu wa mtoni asidanganywe na maandishi. Saa iliyoandikwa mita 30 huvumilia mvua na kunawa mikono tu. Ya kuogelea nayo iandikwe 100. Mkanda wa ngozi ni mzuri, lakini jasho na unyevu wa hapa huuozesha upesi. Nailoni hufuliwa kwa sabuni na kukauka. Na ukiona sokoni saa ya dhahabu yenye jina la Rolex kwa bei ya kuku wawili, nunua kuku.

Fundi mmoja wa saa ninayemjua hukaa chini ya mwavuli, kioo kimoja jichoni. Zamani alikuwa na meza iliyojaa. Sasa nusu ya meza yake ni simu zilizovunjika vioo. Nilimwuliza kazi ipi anaipenda. Alinionyesha saa ya mzee mmoja, ya kutia ufunguo, imefunguliwa nyuma, kigurudumu chake kikienda na kurudi, saa ikigonga mara tano kwa sekunde. "Hii," akasema, "baba yake aliileta kwa baba yangu." Kisha akapuliza vumbi, akafunika, akaisogeza sikioni kwangu nisikilize.