Mzabuni na Mshahara wa Mfanya Usafi

Hospitali husifiwa kwa madaktari wake. Mimi, baada ya kukaa kwenye kamati za tathmini ya zabuni hapa Sumbawanga, nimezoea kuitazama kuanzia sakafuni.

Siku hizi kazi nyingi zisizo za tiba hupewa kampuni za nje: usafi, ulinzi, ufuaji wa mashuka, matengenezo ya jenereta. Sioni ubaya wowote. Muuguzi mwenye akina mama wawili wanaoumwa uchungu hapaswi kuwaza fagio. Ubaya huanza pale tunapofungua bahasha, au siku hizi mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, tukakimbilia bei ya chini kabisa na kuona kazi imekwisha.

Bei hiyo imeshukaje? Gharama kubwa ya kampuni ya usafi ni watu. Sabuni, glavu na mifagio wazabuni wote wananunua kwa bei zinazokaribiana. Mmoja akishuka mbali chini ya wenzake, basi amepunguza watu au amepunguza mishahara yao. Chukua idadi ya wafanyakazi aliyoahidi, zidisha kwa kima cha chini cha mshahara, ongeza mchango wa NSSF. Jumla ikizidi bei aliyoleta kwa mwezi, umeshajua nani atakayelipia tofauti hiyo.

Niliona matokeo yake asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Ufipa haimwonei mtu huruma. Kwenye wodi ya wazazi binti mmoja alikuwa anamimina jiki kwenye ndoo kwa kukadiria kwa macho. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamuuliza anatumia kipimo gani.

"Sijafundishwa, mama. Nimeanza jana. Dada aliyekuwepo ameacha, miezi miwili hawajalipwa."

Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, ipatikane dawa ya asilimia 0.5 ya kusafishia palipomwagika damu. Maji yakizidi, ndoo itanukia dawa na wote tutaridhika, huku vijidudu vikiendelea kuishi. Yule dada aliyeacha alikijua kipimo hicho. Alijua pia ndoo nyekundu inapokea taka gani na ya njano gani, na kwamba sindano haiwekwi popote isipokuwa kwenye sanduku lake. Ujuzi wote huo ulitoka naye getini, na hakuna ukurasa wa mkataba ulioutaja.

Tulimwita msimamizi wa kampuni. Alikuja na faili la ankara ambazo hospitali ilikuwa haijazilipa, akaziweka mezani bila kupandisha sauti. Alikuwa na haki. Tulikuwa tunamdai uaminifu mtu ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumemvunjia. Tangu siku ile siwezi kusoma sifa za mzabuni bila kujiuliza sisi wanunuzi tuna sifa gani. Kampuni yenye mtaji mdogo, ikicheleweshewa malipo, haina pa kwenda ila kwenye mshahara wa mfagizi.

Kwenye dawa nchi yetu imeshajaribu njia yenye busara. Mfumo wa Mshitiri ulianzia Dodoma mwaka 2014, kisha ukasambazwa mikoa mingine. Bohari ya Dawa inapokosa kitu, vituo vya mkoa hununua kwa msambazaji mmoja aliyepatikana kwa zabuni, kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Ninachokipenda humo ni kwamba kushinda zabuni hakumalizi habari: msambazaji huendelea kupimwa kwa jinsi anavyokidhi maagizo anayopokea. Usafi nao unastahili kufuatiliwa hivyo, mwezi kwa mwezi.

Kudumu kazini nako kuna uzito wake. Mji huu una hospitali yenye jina la Daktari Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Simfananishi na kampuni yoyote. Ila watu wa huku walimwamini kwa sababu kila walipomtafuta walimkuta, na sisi tunabadilisha wafanya usafi kila mkataba unapokwisha, kana kwamba wodi haina kumbukumbu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mzabuni alama, sasa naenda hospitali anakofanya kazi na kuongea na wanaoshika dekio, si na wakubwa wao. Nawauliza mshahara wa mwisho ulilipwa tarehe ngapi. Namuuliza mzabuni msimamizi wake analala wapi, maana aliye Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka kwenye ndoo ile.

Ninalolipigania liingie kwenye nyaraka za zabuni ijayo ni sharti lenye pande mbili: kila ankara iambatane na orodha ya mishahara iliyosainiwa na wafanyakazi, na hospitali nayo ijifunge kulipa ndani ya siku 30. Baadhi ya wenzangu wanaikubali nusu ya kwanza na kuiogopa ya pili. Nimewaambia nusu peke yake sitaisaini.