Mchungwa Hauachi Gofu

Husuni Kubwa, jumba la Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akiitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Vyumba ni zaidi ya mia, tena vyembamba, maana dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ghuba yetu hapa Sudi imejaa mikoko hiyo hiyo. Ndiyo sababu gofu lile halinielei kama jambo la watu wengine: mti uliooza hata dari ikashuka naujua, na tope lake nalijua.

Kuta zimepata watetezi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alizifukua miaka ya 1960. Mwaka 1981 zikaingia katika Urithi wa Dunia pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, 2004 zikatangazwa kuwa hatarini, 2014 zikatolewa hatarini. Bahari inaula mwamba wa chini, na watu wanahangaika kuizuia. Nawashukuru kwa dhati.

Kinachoniuma ni bustani. Wareno wa Francisco de Almeida walipoingia Kilwa Julai 1505, waliandika habari za malimau na machungwa matamu, vitunguu, miwa, minazi, na viunga vilivyozungushiwa ua wa miti. Waliyaandika hayo huku wakiupora mji. Walijua walichokiona, wala hilo halikuwazuia.

Ukuta wa matumbawe ukianguka, rundo la mawe hubaki, na mchimbaji akaja akalisoma. Mchungwa ukikosa mtu wa kuutilia maji hukauka. Masika machache yakipita, kichaka kimefunika mahali pake. Kwa hiyo tunaihesabu hasara ya Kilwa kwa mawe, na mimi naona hesabu hiyo ina pengo kubwa. Jina la Sultani limekutwa Husuni, limechongwa kwenye jiwe. Aliyechota maji kisimani na kupalilia, awe mwanamke wa nyumba au mtumwa, hakuchongewa lolote, na kazi ya mikono yake ilikufa pamoja na mizizi.

Wageni wanaofikishwa Husuni huoneshwa birika la pembe nane, na ni haki yao kulistaajabia. Natamani waambiwe pia kwamba mji ule uliwahi kunukia maua ya michungwa, na kwamba kulikuwa na mtu aliyeamka alfajiri kuimwagilia.